Mwamuzi Asiye na Kwao

1

Namkunda aliijua Isheghe kama mwanafunzi anavyojua jibu la mtihani. Gari la Baraza la Maji lilipomaliza kona ya mwisho na mji ukajitokeza, umeng'ang'ania ubavu wa mlima, alijua kwamba lile paa la buluu lilikuwa la kanisa, kwamba ule mstari wa kijani uliokatiza mteremko ulikuwa mfereji, na kwamba nyumba iliyo chini ya mfereji, yenye ua wa masale, ndimo alimozaliwa. Yote aliyajua, na hakuna hata moja lililomgusa. Aliwaza tu kwamba barabara ilikuwa mbaya na dereva alistahili kupumzika.

Mama yake, Bi Nanzia, alikuwa amesimama mlangoni na khanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa. Karibu ndani."

Hakuwa akimkejeli. Maofisa wa Baraza walikuwa wametangulia wakamwambia kwamba shauri likiwa bado linasikilizwa, asimwite mwamuzi kwa jina wala asimguse bila kuomba. Bi Nanzia alikuwa ameyashika hayo kama mtu anavyoshika masharti ya dawa.

Alimwandalia makande. Namkunda alikula mpaka akamaliza sahani.

"Yamekolea?"

"Ni matamu sana. Asante."

Lilikuwa jibu zuri, la adabu, ambalo angempa mpishi wa hoteli. Bi Nanzia alimtazama machoni muda mrefu, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama kuna mtu ndani.

"Hicho kidude kiko wapi?"

Namkunda aligeuza kichwa akasogeza nywele. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu dogo na uvimbe mdogo kama punje ya dengu.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Ukiniona mimi, unaona nini?"

"Namwona mama yangu. Najua ulinibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua. Najua ulikataa kuolewa tena baba alipofariki."

"Unajua."

"Najua."

"Haya," alisema Bi Nanzia, akachukua sahani tupu. "Pumzika. Kesho una kazi."

Watu walikiita kizibo. Wataalamu wa ubongo walikuwa wamegundua kwamba mtoto, kabla hajapevuka, huchora kichwani ramani ya mahali anapokulia, na ramani hiyo haifutiki mpaka kaburini. Kila mahali atakapofika baadaye atapapima kwayo. Mlima utakuwa mrefu au mfupi kuliko wa kwao, watu watakuwa wachangamfu au wakavu kuliko wa kwao, na haki itakuwa haki au dhuluma kwa jinsi kwao walivyogawana. Kizibo hakikufuta ramani hiyo. Kiliziba tu njia inayotoka kwenye ramani kwenda kwenye moyo. Aliyetiwa kizibo alikumbuka kila kitu, ila kilikuwa kama habari za mtu mwingine zilizosomwa kwa sauti.

Na kulikuwa na sababu. Miaka ya kiu, mwamuzi mmoja wa bonde aliugeuza mto usiku na mchana uelekee wilaya ya kwao, akiapa kwamba hesabu zake ni safi, na huenda mwenyewe aliamini hivyo. Chini ya bonde walizika watu kwa matrekta. Tangu siku hizo hakuna aliyeaminiwa kugawa maji akiwa na kwao moyoni. Baraza liliwapangia waamuzi mashauri kwa kura, na kura ya bonde hili ilipomwangukia Namkunda hakuna aliyeshtuka. Kwa Baraza alikuwa mtu asiye na kwao.

Siku alipokwenda kutiwa kizibo alimpigia mama yake simu kumuaga. Madaktari walikuwa wamemhakikishia kwamba kingegusa mahali tu, si watu. "Kama ni kwa ajili ya watu wapate kunywa," Bi Nanzia alimjibu, "nenda, mwanangu." Hakuna aliyewaambia wawili hao kwamba ubongo hauna ukuta, na kwamba mama yake alikuwa amechorwa ndani ya ramani ileile, pamoja na ua wa masale.

2

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa shule ya msingi. Watu wa Isheghe waliketi kushoto, wajumbe wa Tambarare Mpya kulia. Katikati, hewani, ilielea ramani ya mwanga ya bonde zima, na mhandisi wa Baraza alipogusa kitufe, maji ya mwanga yalianza kupanda kutoka kwenye korongo. Yalifika mferejini. Yakafika kanisani. Yalipotulia, Isheghe haikuwepo.

Mhandisi alieleza bila kuzunguka. Bahari ilipomeza miji ya pwani, watu walihamishiwa nyikani na mji wao ukaitwa Tambarare Mpya. Waliishi kwa visima, na visima vilikuwa vimegeuka chumvi. Mitambo ya kuchuja haikutosha hata hospitali. Palihitajika bwawa, na katika milima yote ni korongo hili tu lililokuwa na mwamba wa kulibeba.

Wa kwanza kusema upande wa kushoto alikuwa Mbonea, msimamizi wa zamu za maji, aliyesoma darasa moja na Namkunda. Alisimama bila kumpa salamu.

"Nikueleze ndiva ni nini, kwa maana nimeambiwa hukumbuki," alisema.

"Nakumbuka. Ni bwawa la udongo. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi."

"Na linapofunguliwa, nani anaanza kumwagilia?"

"Wa mwisho mferejini. Aliye mbali kabisa."

"Kwa nini?"

"Maji yakianzia kwa aliye karibu, hayafiki."

"Sawasawa na kitabu," alisema Mbonea, na sauti yake ikaanza kutetemeka. "Mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Shamba lenu lilikuwa karibu na ndiva, Namkunda. Mahindi yenu yalikuwa yananyauka mnayatazama, na maji yanapita hapo hapo mbele yenu kwenda kwa wale wa chini. Hamkuyagusa. Ndiyo maana walipotafuta mtu mwadilifu wa kugawa maji ya nchi walikuona wewe. Uadilifu huo ulikwenda nao kutoka hapa! Kisha wakaukata mzizi, wakakuleta utuhukumu kwa tawi lililobaki."

Ofisa wa Baraza alisimama kumkumbusha kwamba mwamuzi haitwi kwa jina. Namkunda aliinua mkono kumwacha aendelee, lakini Mbonea alikuwa amekwisha kuketi, amejiinamia.

Kutoka upande wa kulia aliinuka mwanamke wa makamo aliyejitanda leso ya rangi ya zambarau. Alijitambulisha kuwa Bi Mwanahawa, mzaliwa wa mji wa pwani ambao sasa uko chini ya bahari, mkazi wa Tambarare Mpya.

"Nina wajukuu wawili wameharibika figo kwa maji ya chumvi," alisema. "Mdogo ndiye mwenye hali mbaya. Nimekuja kuomba maji na sitaona haya kuyaomba. Mkininyima nitarudi tena kuomba."

Aligeuka akawatazama watu wa kushoto.

"Lakini na haya niyaseme, wajumbe wenzangu wanisamehe. Mimi nilikuwa na kwetu. Bahari ilikuja ikapachukua chumba hata chumba, mwaka hata mwaka. Nililia sana, ila sikuwa na wa kumlaumu, maana bahari haikutujua. Haikuwahi kukaa barazani kwetu. Ninyi leo hamchukuliwi na bahari. Mnachukuliwa na mtu." Akamgeukia Namkunda. "Mwanangu, sikufundishi kazi. Nayataka maji haya. Ila anayewatoa watu kwao na awe anawajua. Asiwe kama bahari."

Namkunda alisubiri, kwa udadisi wa kweli, kuona kama maneno yale yangemfanya ahisi chochote. Alihisi kwamba yalikuwa na mantiki.

3

Daktari Anyosisye alisafiri na waamuzi ili kukagua vizibo vyao, na ukaguzi wa Namkunda aliufanyia katika darasa la kwanza, mchana, wakiwa wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizito. Alipitisha kipimo chake nyuma ya sikio, akaridhika.

"Kiko salama. Umefikia wapi?"

"Hukumu ninayo tayari. Bwawa lijengwe."

"Basi mbona uso hivyo?"

"Natafuta kosa katika hukumu yenyewe, silioni. Watu wa huku watapoteza mji. Wa kule watapoteza uhai. Ukiweka kwenye mizani, hakuna cha kujadili. Lakini niliufikia uamuzi huu kwa wepesi mno, daktari. Nilikuwa nakunywa chai. Nauzamisha mji niliozaliwa na chai haikupoa."

"Ndiyo kazi ya kizibo."

"Na nikikitoa leo?"

"Unatoka kwenye kiti. Shauri linaanza upya, linatafutiwa mwamuzi mwingine. Si jambo la mwezi huu wala ujao."

"Na wale wajukuu wa Bi Mwanahawa?"

Daktari alianza kupanga vifaa vyake kwenye mkoba, ingawa vilikuwa vimepangika.

Namkunda aliielewa njia ile. Kwa wengi ingekuwa njia nzuri: ajiuzulu, arudi kuwa binti wa Isheghe, na mtu mwingine aje atamke yale yale. Mikono yake ingebaki safi, huku kule nyikani watu wakiendelea kuugua kwa sababu yeye alitaka mikono safi.

"Na nikibaki nacho maisha yangu yote?"

"Wengi hubaki nacho. Sijawahi kumwona mwamuzi aliyestaafu akataka kukitoa. Wanaishi vizuri, wanalala vizuri. Wana watoto, wana bustani. Mmoja aliniambia kwamba kila mji anaofika anauona mzuri, na kila anapoondoka hageuki nyuma. Alisema ni uhuru."

"Wewe ulimwamini?"

"Nilimwonea huruma. Lakini mimi ni mtu wa Tukuyu, mvua ikininyeshea kwingine kokote naona ninanyeshewa kwa mkopo." Alicheka kidogo, akaacha. "Usinisikilize mimi."

"Sheria inaruhusu kukitoa baada ya hukumu?"

"Inaruhusu, ukijiuzulu. Lakini sikushauri, Namkunda." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Hisia hazitakujia kidogo kidogo. Kila ulichokosa kukihisi miaka yote hiyo kitaingia kwa pamoja, na kitakukuta tayari umeshahukumu. Mwenye maumivu huwa anatafuta aliyemuumiza ili amchukie. Wewe utamtafuta, utajikuta."

"Bi Mwanahawa alisema niwajue ninaowatoa."

"Alisema uwajue kabla."

"Kabla siwezi, watu watakufa. Baada naweza." Aliinuka kwenye kile kiti kidogo. "Si sawa, najua. Lakini bora kuchelewa kuwajua kuliko kutowajua kabisa."

4

Aliitoa hukumu asubuhi iliyofuata, amesimama. Bwawa lijengwe. Asihamishwe mtu kabla nyumba mpya hazijasimama. Makaburi yahamishwe kwa gharama ya Baraza na kwa taratibu za wenyewe. Nyumba mpya zigawiwe kwa kura, familia moja moja, ili pasiwe na anayependelewa.

Alitegemea kelele, lakini watu wa Isheghe walimsikiliza mpaka mwisho kama watu wanaosikiliza wosia. Upande wa kulia pia hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwanahawa alifunika uso kwa leso yake. Mbonea alikuwa wa kwanza kutoka. Bi Nanzia alibaki nyuma kidogo, akapita mbele ya meza, akasema, "Asante, Mheshimiwa," kama ilivyotakiwa kila mtu aseme, akaenda zake.

Namkunda aliandika kujiuzulu kwake, akamkabidhi ofisa, akaingia darasa la kwanza alikokuwa akingojwa na daktari.

Haikuchukua muda. Alisikia ubaridi nyuma ya sikio, kisha mlio mdogo kama wa punje inayopasuka jikoni. Daktari Anyosisye alimshika mabega na kungoja.

Mwanzo aliona ajabu tu kwamba chumba kilikuwa na harufu. Chaki, na udongo mwekundu, na mafuta ya taa ya kupaka sakafuni. Kisha alitambua kwamba alikuwa amekalia dawati lililo upande wa dirisha, upande ambao mwalimu alimhamishia kwa sababu alikuwa hatulii, na kwamba nje ya dirisha hilo, ng'ambo ya bonde, ilikuwa nyumba ya shangazi yake, ambako mtu akipika moshi unaonekana, na moshi usipoonekana watu wanapaza sauti kuuliza, "Mmeamkaje huko?" Ndivyo walivyoishi. Mlima uliwaweka mbali na bado hakuna aliyeweza kujificha. Alikuwa amekaa miaka mingi mijini akiwaona watu wanaofunga milango kuwa ni wagonjwa, na miaka ya kizibo akiwaona ni watu tu. Sasa alikumbuka kwa nini aliwaona wagonjwa. Kisha yale maji ya mwanga yakapanda tena mbele ya macho yake, yakafika kwa shangazi, na akatoa sauti ambayo daktari, katika miaka yake yote ya kukagua vizibo, hakuwahi kuisikia.

Alipoweza kusimama alikataa gari. Alitaka kutembea.

Miguu ilijua njia. Mwili wake uliinama mbele wenyewe, kama wanavyotembea watu wa milimani, na pumzi ikajipanga. Kila alichopita kilimkamata. Jiwe alilovunjia jino. Kona ambayo baba yake alipenda kusimama apumue na kusingizia kwamba anatazama mandhari. Mara mbili aliketi kando ya njia akijishika kifua, na mara mbili aliinuka.

Kwenye ndiva alimkuta Mbonea, amekaa ukingoni, miguu ikining'inia juu ya maji. Mbonea alimtazama usoni, akaelewa.

"Wamekitoa," alisema.

"Wamekitoa. Mbonea, nimekosea kitu."

"Kimoja tu?"

"Kura. Nimewagawia nyumba kwa kura, familia moja moja. Nikaona ndiyo haki isiyo na upendeleo." Maneno yalikuwa yakimtoka haraka. "Wa mwisho mferejini atakaa karibu na nani? Nani atajua nani hajapika? Nimehamisha watu nikaacha mji. Nimeliona sasa hivi, hapa njiani, na kiti sinacho tena."

Mbonea alirusha kokoto majini. Hasira yake haikuwa imekwisha, na hakujisumbua kuificha.

"Basi?"

"Kuna siku za rufaa. Nitarudi barazani, nisimame upande wenu. Bwawa sitalipinga. Nitaomba mhamishwe kama mlivyokaa, mfereji kwa mfereji, na mchimbiwe ndiva kule."

"Mwamuzi mpya atakuwa na kizibo."

"Atakuwa nacho. Nitamweleza polepole. Mimi nilikuwa nacho, najua kinachopenya na kisichopenya."

"Siwezi kukuambia nimekusamehe," alisema Mbonea.

"Sijaomba."

"Ila barazani tutakwenda pamoja. Ukienda peke yako watasema ni mwamuzi aliyeharibika."

Bi Nanzia alikuwa nyuma ya nyumba, akimkatia ng'ombe majani. Alisikia hatua, akageuka na panga mkononi, na hakuhitaji kuuliza kitu. Uso wa mwanawe ulikuwa na mtu ndani. Aliliweka panga chini. Namkunda akapiga magoti pale pale kwenye majani, naye mama akamshika kichwa akakikumbatia tumboni, akipapasa lile kovu kwa kidole gumba.

Walikaa hivyo mpaka ng'ombe akaanza kulalamika.

"Nikuulize," alisema Bi Nanzia. "Na unijibu kweli, maana wewe sasa si Mheshimiwa. Kama ungekuwa hivi ulivyo, na moyo wako wote, ungeamua vingine?"

Namkunda aliitazama nyumba. Aliutazama ua wa masale alioupogoa baba yake kila mwaka, mlango ambao mama yake alisimama kumngoja kila likizo, na nyuma yake mteremko wote, moshi baada ya moshi, mpaka chini kabisa ambako nyika ilianza na kuenea, kavu, na mji wa watu wa pwani katikati yake.

"Kura ningeikataa," alisema. "Bwawa... hapana, mama. Bwawa ningelijenga."

Alingoja kusukumwa.

"Ningeshangaa ungesema vingine," alisema Bi Nanzia. Sauti yake ilikuwa imara, kisha ghafla haikuwa imara. "Sikukulea uwazibie watu maji. Lakini nyumba yangu naipenda, Namkunda. Tangu waje wale maofisa sijalia, nilikuwa sina wa kulia naye. Hebu kaa hapa."

Namkunda alikaa, mama akakaa karibu naye juu ya majani ya ng'ombe, na wote wawili wakalia.